Upo, Lakini Hujafika

Mama mkubwa Anjela ni mkaanga samaki. Meza yake iko upande wa chini wa soko la Babati, na watu wanamjua kwa jina la binti yake kuliko la kwake. Ukiuliza Anjela watakuangalia tu. Ukisema Mama Coletha wa perege, mtu ataacha biashara yake akupeleke mpaka pale. Mimi ni mtoto wa mdogo wake. Niko kidato cha tatu, na kwa kuwa nyumba yetu na yao zimepakana huku Bagara, na kwa kuwa simu ya kupangusa ya mama yangu ndiyo iliyo karibu, kila jambo linalohitaji simu ya namna hiyo huletwa kwangu. Ndivyo nilivyoingia kwenye habari hii ya kadi, ambayo mpaka sasa kuna sehemu zake sijazielewa.

Kwanza niseme kuhusu Pundamilia. Ni bustani ya michezo iliyofunguliwa mwaka huu nje kidogo ya mji, barabara ya kwenda Arusha. Kuna mitelezo ya maji, kuna magari ya kugongana, kuna treni ndogo inayopita chini ya miti, na kuna lile gurudumu kubwa lenye viti ambalo watu wote hapa wanaliita tairi. Sisi huku Bagara tukisimama bombani tunaliona juu ya miti ya migrevilea, linazunguka polepole kama halina haraka na mtu. Joyness, mjukuu wa Mama mkubwa, akitumwa maji alikuwa anasahau ndoo mpaka inafurika, macho yakiwa kwenye tairi.

Joyness ana miaka sita. Mama yake ndiye Coletha, anayefanya kazi Dodoma, na tangu alipoachishwa ziwa amelelewa hapa na bibi yake. Januari alikuwa anaanza darasa la kwanza, na Coletha alishasema ataanza huko Dodoma, siyo hapa. Hilo halikuwa na mjadala. Mama mkubwa hakubisha, ila siku moja bombani alimwambia mtoto maneno haya, na mimi nilikuwepo: "Lile tairi tutalipanda wote wawili kabla mama yako hajakuchukua."

Ninyi hamumjui Mama mkubwa. Mteja akimwambia, niwekee yule mkubwa nakuja, yule samaki atakaa pembeni mpaka apoe, mpaka mafuta yagande, hata aje mteja mwingine na njaa yake. Akishasema, amesema.

Kwa hiyo Coletha alipokuja likizo akasikia habari ya tairi, akamkatia mama yake kadi ya mwaka. Aliipata kwenye ofisi ya Pundamilia, pale getini. Mama mkubwa akapigwa picha, Joyness akaandikishwa kama mtoto wa kadi, wakapewa kadi ya kijani yenye mistari ya punda milia. Halafu hawakuingia. Ilikuwa Jumamosi, na kadi ya kijani haiingii Jumamosi. Hapo ndipo Mama mkubwa alipoanza kuchanganyikiwa, na mimi nikafuata.

Coletha alirudi Dodoma akiniachia neno la siri la kuingilia kwenye ukurasa wa Pundamilia. Jioni moja nikayasoma masharti kwa sauti jikoni kwa Mama mkubwa. Yeye anatoa magamba ya samaki, mume wake, Baba mkubwa Marcelino, anachambua mbaazi kwenye ungo, Joyness amekaa katikati yao anasikiliza kama anaelewa.

Masharti yalikuwa hivi. Kadi inakuruhusu kuingia mwaka mzima. Lakini siyo Jumamosi, siyo Jumapili, siyo sikukuu, na siyo wiki za Krismasi na Mwaka Mpya. Siku zilizobaki nazo huendi hivi hivi tu. Lazima uweke nafasi kwanza, na nafasi zikijaa, zimejaa. Ukiweka nafasi ukaona hutaweza, unaifuta kabla ya jioni ya siku iliyotangulia. Usipoifuta na usipofika, ni kosa. Makosa mawili, kadi inafungwa kwa miezi miwili.

Mama mkubwa aliniambia nirudie. Nikarudia.

"Kwa hiyo kadi ni yangu," akasema.

"Ndiyo, Mama mkubwa."

"Mwaka mzima."

"Ndiyo."

"Na ni lazima niombe."

"Siyo kuomba. Ni kuweka nafasi."

"Jovita, mtu akuuzie ng'ombe, halafu kila siku upige hodi kwake kuomba kukamua. Huyo ng'ombe ni wa nani?"

Baba mkubwa, bila kuinua macho kwenye mbaazi, akasema ni wa aliyeshika kamba.

Tukaanza kutafuta siku. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo muda nilikuwa nao, ila bando ndiyo ilikuwa ya kuvizia. Kwenye kalenda yao siku yenye nafasi ina rangi ya kijani na iliyojaa ina rangi ya majivu. Asubuhi zote zilikuwa kijani. Lakini asubuhi ndiyo samaki wanafika kutoka ziwani, na Mama mkubwa hawezi kumwacha samaki mbichi amngoje. Mchana zilikuwa majivu tupu. Nikawa nachungulia kila nikipata nafasi, mpaka siku moja ikatokea Jumatano mchana. Nikaibonyeza kabla sijamuuliza mtu. Mama mkubwa alipopata habari akaenda kumtangazia Sijaona, muuza nyanya wa meza ya pili, na kufikia jioni soko zima lilijua kwamba Mama Coletha Jumatano anapanda tairi.

Jumanne akafariki mama yake Herieli, huko Singe. Herieli ndiye anayemletea Mama mkubwa samaki. Mazishi yalipangwa Jumatano.

Hapo hakukuwa na la kufikiria, hata mimi najua. Nikachukua simu nikamwambia Mama mkubwa nafuta nafasi, tutatafuta siku nyingine, kitufe chenyewe ni hiki hapa. Mama mkubwa akanishika mkono.

"Usifute."

Nikamweleza kwamba asipofuta na asipofika watamhesabia kosa.

"Nani kasema sitafika? Ukialikwa ukapata udhuru, unatuma mwakilishi. Harusi unatuma, kipaimara unatuma, hata msiba ukiwa mbali unatuma. Mtu amejiandaa anakungoja, wewe unamwambia futa? Unamfutaje mtu anayekungoja?"

Nikasema hakuna mtu anayengoja kule, ni mashine tu. Akaniuliza, na geti anafungua nani. Nikasema kuna mlinzi. "Basi huyo," akasema, na maneno yakaishia hapo.

Nilikaa nikijiuliza kama kweli ana kosa. Kwenye harusi ya kaka yangu watu wengi walituma wawakilishi, na mshereheshaji aliwataja mmoja mmoja, na wenyewe wakahesabiwa wamekuja. Hakuna aliyewaambia hawakufika. Sasa mashine ikikataa, mashine ndiyo imekosea au sisi? Wakati nawaza hivyo, ile jioni ya kufuta ikapita.

Jumatano Mama mkubwa akaenda Singe kupika msibani, na Baba mkubwa Marcelino akaenda Pundamilia kuwakilisha. Alivaa koti lake la kanisani. Alibeba kadi mfuko wa ndani na hotipoti ya perege wa moto, kwa sababu mwakilishi haendi mikono mitupu. Aliporudi, Mama mkubwa naye amerudi amechoka, moshi wa msibani kwenye kitenge, na bado akavuta kigoda akamwambia haya, nipe habari kuanzia getini. Mwakilishi ni lazima atoe taarifa. Hilo nalo ni la kwao tangu zamani.

Baba mkubwa alieleza kwamba getini kuna kijana anaitwa Salvatory, mwenye kofia ya mistari, mwenye adabu, alimpa shikamoo. Akaipitisha kadi kwenye mashine, picha ya Mama mkubwa ikatokea. Kijana akaangalia picha, akamwangalia Baba mkubwa, akaangalia tena picha.

"Mzee, hapa ni mama."

Baba mkubwa akamjibu ndiyo, ni mke wangu, yuko msibani, nimekuja kumwakilisha, amesema msimngoje na anawasalimu. Akamkabidhi hotipoti. Kijana akamuuliza anataka kupanda nini. Akasema hakuja kupanda, amekuja kuwakilisha. Salvatory akaenda ndani kumuuliza mkubwa wake, akarudi akasema mkubwa hajawahi kusikia jambo hilo, na kwa kuwa picha siyo yake, hawezi kuingia. Lakini kwa kuwa samaki alikuwa wa moto, wakakaa kwenye benchi la nje wakala pamoja, wakaongea habari za mbaazi na mvua, na wakaagana vizuri sana.

"Nimefika," Baba mkubwa akamalizia. "Wamepokea."

Wakati huo huo simu ikalia mfukoni mwangu. Ulikuwa ujumbe wa Pundamilia: Mpendwa Anjela, leo hukufika. Hili ni kosa la kwanza.

Niliusoma mara mbili kimoyomoyo kabla ya kuusoma kwa sauti. Baba mkubwa akaniuliza nani hakufika. Nikasema Mama mkubwa. Akasema lakini yeye alikuwepo, na kijana alikuwepo, na samaki wameliwa. Mama mkubwa alinyoosha mkono akachukua kikopo chake cha vidonge vya presha juu ya kabati, akameza kimoja na uji uliopoa, akaenda kulala.

Siku chache baadaye Coletha akapiga simu. Kuna mfanyakazi mwenzake anapita Babati na gari ya ofisi, watamchukua Joyness Jumamosi hii hii badala ya kungoja Krismasi ipite. Mama mkubwa aliitikia sawa, sawa mwanangu, huku anageuza samaki. Alipokata simu alisahau kumgeuza yule wa mwisho, akaungua. Sijawahi kuona samaki ameungua kwenye meza ile.

Nikafungua kalenda. Wiki nzima ilikuwa majivu isipokuwa Alhamisi mchana, nafasi moja. Nikaibonyeza hapo hapo.

Alhamisi hakufa mtu. Mama mkubwa alimaliza samaki mapema, akaoga, akavaa kitenge chake cha rangi ya machungwa. Joyness alivalishwa gauni la Krismasi kabla ya Krismasi. Wakati tunapita sokoni, Sijaona akatupigia kelele kutoka nyuma ya nyanya zake: "Mama Coletha, bado uko chini tu? Sisi tulidhani uko juu unatuchungulia." Mama mkubwa akamwambia angoje, leo atamtemea mate kutoka juu. Tukapanda bajaji, mimi nikiwa msindikizaji na mbeba hotipoti.

Getini Salvatory alitukaribisha vizuri, akamuulizia mzee. Akapitisha kadi, mashine ikawaka kijani, akasema karibu mama. Mama mkubwa akamshika Joyness mkono wapite. Salvatory akanyoosha mkono wake mbele, polepole, kama mtu anayezuia mlango usimgonge mwingine.

"Mama, nafasi ya mtoto iko wapi?"

Tukamwambia mtoto yuko kwenye kadi, jina lake liko pale. Akasema ni kweli, yuko kwenye kadi, anaruhusiwa, ila kila safari nafasi yake inawekwa peke yake, mbali na ya mama. Akatugeuzia kioo cha mashine tuone. Leo watoto wamejaa.

Niliishika simu nikatafuta hilo sharti limeandikwa wapi. Sikuliona. Salvatory akasema hata wao wameambiwa tu juzi.

Mama mkubwa akasema basi haina shida, haingii, hawezi kumwacha mtoto nje, tutarudi kesho. Akageuka.

"Mama, subiri," Salvatory akasema, na nilimwona hapendi anachokisema. "Usipoingia, mashine itaandika hukufika. Litakuwa kosa la pili. Kadi itafungwa."

"Si umeniona? Si niko hapa?"

"Upo, mama. Upo, lakini hujafika."

Nyuma ya uzio watoto walikuwa wanapiga kelele kwenye maji. Mimi kichwa kilianza kuniuma kwa ndani, kwa sababu nilijaribu kulipanga vizuri na halikupangika. Baba mkubwa alifika akaambiwa siyo yeye. Mama mkubwa ni yeye, na amefika, na bado hajafika. Na ili kesho Joyness aweze kuingia, ni lazima leo bibi yake aingie bila Joyness. Ukigeuza huku ni ukuta, ukigeuza kule ni ukuta.

Mama mkubwa aliinama akamwambia Joyness kitu kwa Kiiraqw, polepole, halafu akauweka mkono wa mtoto mkononi mwangu. Akaingia peke yake.

Hakuenda kwenye tairi. Alikata kona tu akaja kwenye uzio wa waya, upande wa ndani, sisi tukiwa upande wa nje. Akaanza kutembea kuufuata uzio, na Joyness akawa anatembea naye sambamba, waya katikati. Walizunguka hivyo mpaka nyuma kule kwenye mashine za maji na kurudi. Sehemu yenye matundu makubwa Mama mkubwa alikuwa anampitishia karanga moja moja. Joyness hakulia. Mara moja tu aliuliza kwa nini bibi asipande mwenyewe aone kulivyo.

"Nilisema wote wawili," Mama mkubwa akajibu kutoka ndani.

Usiku ule Ijumaa ilikuwa majivu, ya wakubwa na ya watoto. Niliwaambia ukweli. Baba mkubwa akasema tusali, tukasali. Asubuhi, wakati wa uji, nikafungua tena bila matumaini, na hapo mbele ya macho yangu mraba wa Ijumaa mchana ukageuka kijani. Mkubwa mmoja, mtoto mmoja. Nikabonyeza vyote viwili, nikawa napiga kelele jikoni mpaka kuku wakatawanyika.

Mama mkubwa akaniuliza zimetoka wapi, jana si zilikuwa zimejaa. Nikamwambia kuna mtu amefuta. Masharti yanasema jioni, lakini labda mashine inachelewa kutoa taarifa, hilo nalo silijui.

Alikaa na kikombe mkononi. "Maskini," akasema. "Atakuwa amepata msiba."

Akafanya ishara ya msalaba kwa ajili ya mtu huyo asiyemjua, ndipo akanywa uji.

Ijumaa kulikuwa na mawingu upande wa mlimani lakini hayakushuka. Salvatory alipitisha kadi, kijani, na mtoto, kijani, na nilimwona akivuta pumzi kama yeye ndiye aliyeweka nafasi. Wakaingia. Mimi sina kadi, nikabaki nje kwenye benchi na hotipoti. Kwa hiyo haya yanayofuata mengine niliyaona kwa mbali na mengine nilisimuliwa.

Niliwaona wakisimama kwenye foleni ya tairi, kitenge cha machungwa na gauni jeupe. Niliwaona wakifika mbele. Halafu wakakaa pale muda mrefu, watu wengine wanawapita. Nikasimama juu ya benchi. Nikaona dada mmoja mwenye kofia ya mistari anaongea na Mama mkubwa, na Mama mkubwa anaitikia kwa kichwa. Halafu kiti kikashuka, na aliyepanda na Joyness hakuwa Mama mkubwa. Alikuwa yule dada. Kiti kikanyanyuka. Gauni jeupe likawa linapanda, linapanda juu ya migrevilea, na kitenge cha machungwa kimebaki chini, mkono juu ya macho.

Sikuelewa kabisa. Nilidhani labda nafasi ya tairi nayo inawekwa peke yake.

Haikuwa hivyo. Walipotoka nikaambiwa. Pale kwenye tairi kuna kibao, wajawazito wasipande, wenye presha wasipande. Yule dada, anaitwa Jenipher, huwa anauliza kila mtu mzima. Akamuuliza Mama mkubwa kama ana presha. Mama mkubwa akasema anayo. Basi. Mtoto naye hapandi bila mkubwa, na Jenipher akaona foleni inangoja na mtoto ameshaanza kutetemeka mdomo, akamwomba mwenzake amshikie kazi, akapanda naye yeye.

Yule Sijaona wa nyanya alivyosikia baadaye alimcheka sana. Akamwambia angesema hana, nani angempima. Mama mkubwa akamjibu, "Aliniuliza mbele ya mtoto," akaendelea kupanga samaki.

Lakini hayo ni ya baadaye. Pale getini, mimi nilikuwa naogopa kumwangalia Mama mkubwa. Ahadi ilikuwa ya wote wawili, na kesho yake ni Jumamosi, na Jumamosi kadi ya kijani haiingii. Ilikuwa imekwisha. Joyness alikuwa amemshika bibi yake kidole, nywele zimesimama kwa upepo wa juu. Akamvuta mpaka kwenye benchi.

"Bibi, kaa."

Mama mkubwa akakaa.

"Nimekuwakilisha," Joyness akasema.

Hakuna aliyemfundisha. Nilimwangalia Salvatory getini, naye aligeuza uso akawa anafuta mashine yake ambayo haikuwa na vumbi. Mama mkubwa akajipangusa magoti, akakaa vile anavyokaa mtu anayempokea mwakilishi wake, na kwa sauti ile ile aliyomuulizia Baba mkubwa akasema, haya, nipe habari, kuanzia mlipokaa kwenye kiti.

Joyness akatoa taarifa. Kiti ni cha baridi. Dada Jenipher ana pete mbili. Ziwa ni dogo, kama sahani ya Babu. Mama mkubwa akauliza viboko je. Wamejificha. Nyumbani je? Ameliona bomba, na pale bombani hakuna mtu anayeangalia tairi. Sokoni je, meza yangu umeiona? Joyness akafikiri, akasema ameiona, haina mtu, ila hakuna aliyeiba. Mama mkubwa akauliza kama alimsalimia Sijaona kutoka huko juu. Joyness akasema alimtemea mate kama Bibi alivyoahidi, ila yalichukuliwa na upepo.

Mama mkubwa akacheka mpaka akashika ubavu. Aliponyamaza akasema, "Basi nimepanda." Tukala samaki pale pale, Salvatory naye akapewa mkia.

Kwenye bajaji simu ikalia. Mpendwa Anjela, asante kwa kufika. Nikawaza, sasa hii nayo ni kweli au siyo? Amefika, hajapanda, amepanda. Nikaacha.

Jumamosi gari ya ofisi ilikuja mapema. Joyness aliondoka na hotipoti mapajani, kichwa nje ya dirisha. Sisi tukabaki tumesimama barabarani, na Mama mkubwa akakumbuka kwamba samaki wameshafika, akaondoka kwa haraka isiyo ya kawaida yake.

Sikukuu zikapita. Shule inakaribia kufunguliwa, Mama mkubwa akaja jikoni kwetu na ile kadi. Nilidhani anataka tumuuzie mtu mwingine, na nilikuwa tayari kumweleza kwamba haiuziki kwa sababu ya picha.

"Niwekee nafasi," akasema. "Mchana wowote."

Nikamuuliza anakwenda na nani, maana tairi hapandi, na mtelezo wa maji simwoni akiteleza. Akasema anakwenda peke yake. Joyness alipiga simu jana akauliza kama tairi bado linazunguka, na kule Dodoma halionekani, kwa hiyo anakwenda kumwakilisha.

Nikafungua kalenda. Nikamuuliza niweke na nafasi ya mtoto au nisiweke.

"Nikiweka ya mtoto na mtoto hayupo, wanasema nini?"

"Hajafika."

"Na mimi nikiwa pale kwa niaba yake?"

"Bado wanasema hajafika, Mama mkubwa."

Alitikisa kichwa, siyo kwa hasira, ni kama mtu anayewasikitikia. "Weka yangu tu," akasema. "Hao hawajafundishwa."

Nikaweka moja. Siku ilipofika alifunga meza mapema, akavaa kitenge cha machungwa, akabeba samaki wa Salvatory na wa Jenipher, akaenda akakaa kwenye benchi chini ya tairi mpaka jua likapoa. Jioni Coletha akapiga, na kabla hata hawajasalimiana vizuri sauti ya Joyness ikaingia, inasema Bibi kaa, nipe habari.

Mama mkubwa akavuta kigoda. Akaanzia getini.